Mhojiwa wa Mlango wa Tatu

Nyumba za Walimu, Mlango Na. 6,
Nyuma ya Shule.

Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umfikishie mkaza mjomba. Hali yako vipi? Goti lako je, lile linalokusumbua ukipanda ngazi za kazini, limepoa? Na baridi ya huko imepungua, au bado mnatembea mmejifunga manguo kama mizigo? Sisi huku ni wazima. Neno hilo huwa naliandika kwa mazoea tu, lakini leo naliandika kwa moyo mweupe.

Kabla sijaenda mbali, nikutue mzigo. Dada yako hana kinyongo na wewe. Barua zako nne zilifika zote, na hakujibu hata moja kwa sababu hakuweza kuzisoma. Macho yalikuwa yameingia ukungu, na alituficha sote. Hata zile simu ulizokuwa ukipiga, akikusalimu maneno mawili na kunirudishia simu haraka haraka, alikuwa anakukwepa usije ukamuuliza habari za barua. Sasa amezisoma zote. Nitakueleza jinsi tulivyofika hapo, maana mimi mwanawe, ninayekaa mtaa wa pili tu kutoka kwake, sikujua chochote. Waliojua ni wanafunzi wangu. Au niseme, mmoja wao.

Unajua nina darasa la wanafunzi thelathini na wawili, wa miaka kumi na minne, kumi na mitano. Muhula uliopita ilibidi wajifunze kufanya utafiti mdogo na kuandika ripoti ya waliyoyapata. Mjomba, somo hilo mimi mwenyewe chuoni lilinipita pembeni. Ilinibidi nilisome upya nikikimbizana nao, leo niko mbele yao ukurasa mmoja, kesho wamenifikia.

Walitaka wachunguze habari za mpira. Nikawauliza wanategemea kugundua nini wasichokijua tayari, wakatazamana. Wazo lenyewe likatoka kwa muuza duka la dawa wa hapa karibu, niliyemkuta siku moja akilalamika kwamba watu wanarudi kwake kuuliza dawa inamezwa vipi, na maelekezo yameandikwa palepale kwenye pakiti. Lalamiko lake nikalipeleka darasani. Swali tukawa tumelipata: je, watu wa mitaa yetu wanaweza kusoma maelekezo ya dawa wanazopewa, na wasioweza wanafanyaje?

Kutunga maswali kulituchukua wiki mbili, na nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mmoja aliandika, "Je, hukubali kwamba wasiosoma maelekezo ni wavivu?" Nikamwambia huyo ameshamhukumu mtu kabla hajamkaribisha kiti. Mwingine akauliza, "Je, unasoma na kuelewa?" Nikampa karatasi ya bima yangu ya pikipiki aisome kwa sauti. Alisoma vizuri sana. Nikamuuliza imesema nini, akakuna kichwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyetia maswali mawili ndani ya moja.

Nikawafundisha pia kutochagua nyumba za marafiki. Kila mwanafunzi alipewa mtaa, aanze mwanzo wake, agonge kila mlango wa tatu, mpaka apate watu wanne wa kuhoji. Na juu ya yote niliwawekea sharti moja, nikalirudia mpaka wakalikariri: aliyekubali kukujibu, habari zake ni amana. Hojaji haina jina la mhojiwa wala namba ya nyumba. Huendi kumsimulia mama yako, rafiki yako, wala mwalimu wako. Hilo la mwalimu nililitia mwenyewe kwa kinywa changu, Mjomba. Nilijiona hodari.

Karatasi zikaanza kurudi. Yuko kijana mmoja wenzake humwita Mheshimiwa, kwa sababu hutembea mikono nyuma kama anakagua gwaride. Yeye alirudi siku ileile, ndani ya saa moja, na hojaji zake nne zimejaa. Nikazitazama. Wahojiwa wote wanne walikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano, wote walisoma kila kitu, wote walielewa kila kitu. Nikamuuliza mtaa huo wenye watu werevu kiasi hicho uko wapi, nihamie. Akainama. Alizijaza mwenyewe, amekaa juu ya ukuta wa uwanja. Nikazichana mbele ya darasa, nikampa nyingine nne, nikatangaza kwamba karatasi yoyote nitakayoona imetungwa itapata sifuri.

Sasa yupo msichana wanayemwita Kipaza. Jina hilo ni la kejeli, maana sauti yake huisikii mpaka umsogezee sikio. Hojaji zake tatu zilikuwa safi. Ya nne ilinifanya nikae vizuri kwenye kiti. Mhojiwa alikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, mwenye dawa za aina mbili, ya asubuhi na ya jioni. Anaweza kusoma maelekezo? Hapana. Anatofautishaje dawa? Jibu lilisema: "Kwa kutikisa. Kopo la asubuhi hulia chwe-chwe, la jioni hulia ko-ko-ko." Amewahi kukosea? Ndiyo. Mara ngapi? "Sijui. Ningekuwa najua, nisingekosea." Nani humsaidia? Hakuna. Nani anajua kwamba hawezi kusoma? "Wewe."

Nilisoma mara tatu. Nakwambia ukweli, jambo la kwanza lililonijia ni kwamba msichana huyu ametunga. Majibu yalikuwa na ufundi mno. Yalikuwa na utani wa mtu mzima. Ningepaswa kuitambua sauti ya Mama mle ndani, na sikuitambua, na hilo mpaka leo linanichoma.

Nikamwita Kipaza baada ya kipindi, tukabaki wawili darasani. Nikamuuliza huyu ni nani. Akasema hawezi kusema. Nikamweleza kwamba sitaki jina kwa umbeya, nataka kuhakikisha karatasi ni ya kweli, kwa sababu siwezi kumchania Mheshimiwa karatasi zake halafu yeye nimpitishie hadithi. Alisimama ameshika ncha ya dawati, macho chini.

"Basi niandikie sifuri, Mwalimu," akasema. "Nilimwahidi."

Mtoto anayetunga hakubali sifuri kirahisi hivyo. Na kama hakutunga, basi mahali fulani karibu nasi kuna mama mtu mzima anameza dawa kwa kusikiliza makopo, na siku moja atadhurika. Mimi nilikuwa nimewafundisha kuahidi tu. Ahadi ikigeuka hatari kwa mhojiwa mwenyewe, tufanyeje? Hilo sikuwafundisha, kwa kuwa sikuwa nimeliwaza. Nikamwambia arudi kwa yule mama, asilazimishe, amwombe ruhusa tu ya kumwambia mtu mzima mmoja. Akaitikia kwa kichwa. Nilipofika mlangoni nikageuka, nikamwona bado amesimama palepale, na nikaona midomo inamcheza. Nilidhani ni hofu ya alama.

Kesho yake, kipindi cha tatu, nilikuwa nachora jedwali ubaoni nilipochungulia dirishani nikamwona Mama anavuka uwanja. Mama hajawahi kunifuata kazini hata siku moja. Nikajua kuna msiba, na nitakueleza tu kwamba niliyemfikiria ni wewe. Alikuja taratibu, kiganja kimegusa ukuta wa madarasa, na kwenye zile ngazi mbili za mlangoni kwangu akatanguliza ncha ya kiatu, akapapasa, ndipo akapanda. Wanafunzi wakasimama kumsalimu. Akawaitikia. Kisha akauliza, "Mwalimu wenu yuko wapi?"

Mjomba, nilikuwa nimesimama mbele yake. Hatua mbili.

Nikasema, "Niko hapa, Mama." Akageuza uso kuifuata sauti yangu, akaweka sawa mtandio wake, na akasema maneno yake kama aliyeyapanga njia nzima.

"Ile karatasi ni yangu. Huyu binti hakutunga kitu. Mimi ndiye niliyemwambia mwalimu wake ni mwanangu, na kwamba asimwambie. Asinyimwe alama kwa ajili yangu."

Kipaza alikuwa ameinamia dawati, analia bila sauti. Kumbe hakumwomba Mama ruhusa tu. Mama alimuuliza kwa nini amerudi, naye kwa kuwa hajui kudanganya akaeleza habari ya sifuri, na Mama hakulala na jambo hilo tumboni. Nikamwomba kiranja asimamie darasa, nikamshika Mama mkono, tukaenda kukaa kwenye benchi nje ya stoo ya vitabu.

Hapo akanifungulia moyo. Ukungu ulianza mwaka juzi, jicho la kulia kwanza. Uzi ukakataa kuingia kwenye sindano, ndipo akafunga cherehani na kuniambia ni mgongo. Nami nikaenda kumnunulia mto wa kuegemea, Mjomba, na nikajisifu kwa wenzangu jinsi ninavyomtunza mama. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliogopa nitamchukua nimweke kwenye vyumba vyangu viwili, akae kwenye kochi akiangalia ukuta asiouona, aitwe mgonjwa. Kwake anajua kila kona, anajua kila jirani kwa mwendo wake. Hakutaka kung'olewa. Nilitaka nimgombeze, nikashindwa. Nilimwegemea tu begani kama nilivyokuwa mdogo, na kengele ikalia tukiwa bado tumekaa.

Nikamuuliza kingine alichonificha ni nini. Ndipo akanitajia barua zako. Zimo kwenye droo ya cherehani, zimefungwa na utepe. Nikasema nitamsomea leo leo. Akakataa katakata. Alisema tangu maneno yale makali aliyokwambia kwenye simu siku ya maziko ya Babu, ulipokosa kufika, hajui wewe umejibu nini, na kama ni laana ya mdogo wake basi aipokee mwenyewe, isipite kwenye mdomo wa mwanawe. Miezi minane alikuwa akizishika tu na kuzipapasa unene. Kila iliyofika aliona ni nzito kuliko iliyotangulia, na alidhani uzito huo ni hasira.

Siku ya pili nilimpeleka hospitali. Daktari wa macho alimulika, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba hutolewa kwa upasuaji. Daktari wa presha, maana dawa zake zile mbili ni za presha, yeye hakucheka. Vipimo vilionyesha presha imekuwa ikipanda na kushuka kwa sababu mara nyingine alimeza ya jioni mara mbili na ya asubuhi akaiacha. Alisema tumewahi, tena kwa siku chache. Mpaka siku ya upasuaji nilikuwa napita kwake asubuhi na jioni, nikampa dawa mkononi. Jirani yake akanisaidia siku za mitihani. Hakuna aliyemhamisha.

Huku nyuma kazi ya darasa ikaendelea. Tulikuwa na karatasi mia moja na ishirini na nane, tukazihesabu mara mbili, kundi moja likisoma na jingine likitia alama. Watu hamsini na watatu walisema hawawezi kusoma maandishi ya dawa zao, wengine hawakusoma shule, wengine macho, wengine herufi ni ndogo mno. Kati yao kumi na tisa hawamuulizi mtu. Darasa lilipoiona namba hiyo ubaoni, walianza kuinakili bila kuambiwa. Hata wale wa mpira.

Mganga mkuu wa zahanati alikubali wanafunzi wasome ripoti yao pale kwenye ukumbi wa kungojea, saa tisa alasiri wagonjwa wakiwa wamepungua. Nilimpa Kipaza sehemu ya matokeo. Aliponiuliza kwa nini yeye, nikamwambia kwa sababu namwamini. Alianza kwa ile sauti yake ya chini, watu wakasogeza viti mbele, wauguzi wakaacha mazungumzo yao, na nakuambia sijawahi kuona ukumbi uliotulia vile. Akafika kwenye habari za makopo. Akasema, "Mhojiwa huyu ametupa ruhusa mwenyewe tuyaseme haya, bila jina." Mama alikuwa amekaa mstari wa nyuma karibu nami, akanibinya kidole.

Mganga mkuu ni mtu makini, hakuburuzwa na hisia. Aliuliza atajuaje kwamba watoto hawakujaza karatasi hizi wenyewe. Nilikuwa nainuka nijibu, Mheshimiwa akanitangulia. Akasimama, mikono nyuma, akasema karatasi nne zilijazwa kwa uongo, na aliyezijaza ni yeye, zikachanwa, akarudi mtaani siku tatu kugonga milango, na tangu hapo yeye ndiye aliyekagua za wenzake wote, kwa kuwa anazijua mbinu zote za kudanganya. Ukumbi uliangua kicheko. Mganga mkuu akaandika kitu kwenye daftari lake.

Sasa hivi ukienda pale, pakiti ya dawa ya asubuhi inachorwa jua na ya jioni inachorwa mwezi, kwa kalamu nene, na idadi ya vidonge inachorwa kwa vitone. Muuguzi anakutaka umwonyeshe utakavyomeza kabla hujaondoka dirishani. Muuza duka la dawa naye kaiga. Kazi ya watoto wa miaka kumi na minne hiyo, Mjomba. Nami niliwahi kuwaita wazembe.

Mama alifanyiwa jicho la kulia mwishoni mwa mwezi wa sita. Asubuhi yake muuguzi alipofungua bandeji, nilikuwa nimechuchumaa mbele ya kiti chake, nimeshika magoti yake. Alipepesa. Machozi yakamtoka, muuguzi akayapangusa, akapepesa tena. Akanitazama muda mrefu, akanigeuza kidevu upande huu, akanigeuza upande ule. Nilidhani atamshukuru Mungu.

"Mwanangu," akasema, "mvi hizi zimekuja lini?"

Nilicheka mpaka nikatoka nje ya chumba, na huko ukumbini sikuwa nacheka tena. Nililia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana.

Miwani ya kusomea ilitoka wiki tatu baadaye. Siku hiyo alinifukuza mapema, akafunga mlango, na nilipopita jioni nikamkuta amekaa kando ya cherehani, barua zako zote nne zimetandazwa mapajani. Alikuwa amelia, lakini uso umelegea, umerudi ujana. Hakunisomea. Alisema tu kwamba kumbe mdogo wake alikuwa anaomba msamaha muda wote huo, na yeye ndiye aliyepaswa kuanza. Akaniuliza kama kweli ulikwama uwanja wa ndege siku mbili bila kibali, ukamzika Babu kwa simu. Nikasema sijui, hukuniambia mimi. Akatikisa kichwa, akazikunja moja moja kwa mikunjo yake ileile.

Jibu lake limo ndani ya bahasha hii, katika bahasha yake ndogo aliyoibandika mwenyewe. Sijui kilichomo, na usinieleze. Nakuonya tu kwamba hati imepinda kidogo, maana jicho la kushoto bado lina zamu yake mwezi wa kumi, na daktari hana wasiwasi nalo. Kipaza alipata alama zake zote, ikiwa ulikuwa unajiuliza. Siku za Jumamosi humtembelea Mama, nadhani kwa ajili ya cherehani, na huko ndani nasikia anaongea mpaka anazidiwa na kikohozi.

Nisalimie sana mkaza mjomba, umwambie wifi yake anauliza kama vile vitambaa alivyovituma bado vinavalika au watoto wamevizidi kimo. Binamu zangu wawili wasalimie kila mmoja kwa jina lake. Mkubwa mwambie asome, mdogo mwambie acheze. Jirani wa Mama anakusalimu, na kaka yangu fundi umeme naye, aliyeahidi kukuandikia na ambaye wote tunamjua. Mwalimu mkuu wetu, uliyesoma naye dawati moja, anasema bado unadaiwa kitabu chake cha hesabu.

Mungu akulinde uendako na urudiko, Mjomba, akupe usingizi wa mtu asiye na neno na mtu. Ukipiga simu Jumapili ijayo, usipitie kwangu. Piga simu yake moja kwa moja. Ameshaweka kiti karibu nayo.

Wako akupendaye, mpwa wako,
yule uliyemwita Chiriku kwa kusema sana.